Gladiator ni historia kweli au chai?

Mkuu, unauliza kama muvi ya Gladiator ya 2000 ni ya kweli maana umeikubali sana halafu mshkaji wako anakwambia chai tupu. Kila mmoja ana kaukweli kake. Maximus, yule shujaa wa muvi, hakuwahi kuwepo, ila Commodus alikuwepo na alikuwa anaingia kabisa ulingoni kupigana, kaizari mzima wa Roma! Hapo wengi wanadhani wameongeza chumvi. Sema hakufia uwanjani, alinyongwa na mcheza mieleka anaitwa Narcissus mwaka 192, yaani alitawala miaka kama 12 hivi tangu baba yake afariki mwaka 180, siyo fasta fasta kama kwenye muvi. We icheki tu kwa raha zako, ukimaliza ndo uguguli majina na miaka, maongezi yao usiyabebe kama ushahidi.