Kumwaga oili mwenyewe ama kupeleka gari gereji, venye nimeona mimi

Wacha nianze na pesa juu najua hapo ndio wengi wanaangalia kwanza. Gari yangu ni Fielder ya 1500cc, ile injini ya 1NZ, na mara ya mwisho nilinunua oili lita nne kwa 3,800, filta 600, na gereji hapa Nakuru wangenitoza 500 ya kazi. Sasa ukijifanyia nyumbani unaokoa hiyo 500 peke yake, na kabla uiokoe inabidi ununue jeki ya maana, stendi mbili, spana nzuri, karai na faneli. Hesabu mwenyewe ni servisi ngapi mpaka hizo pesa zirudi. Kwa hivyo kama ni pesa unatafuta, lipa fundi tu, Jumamosi yako ukae na watoto.

Mimi nilianza kumwaga mwenyewe kwa sababu nyingine kabisa.

Shemeji yangu anakaa Mamboleo kule Kisumu, ameendesha malori ya Malaba miaka mingi, akaja kututembelea wikendi moja. Asubuhi nikawasha gari twende soko, hata sijaingiza gia akaniambia, "Shem, zima. Hebu zima kwanza." Injini ilikuwa inagonga tik tik tik sekunde chache ikiwashwa baridi halafu inanyamaza, na mimi nilikuwa nimeizoea hiyo sauti nikidhani ndio kawaida ya gari. Akaingia chini na simu yake. Akatoka akaniuliza, umefanya servisi mara ngapi tangu uinunue? Nikamwambia tatu. Na filta je? Nikamwambia zote tatu nililipia, hata boksi tupu la ile ya mwisho walinipatia liko kwa buti. Akanyoosha simu nione picha. Filta imeshika kutu ukingoni, na ubavuni kuna maandishi ya Kijapani yamefifia. Ilikuja na gari kutoka Japani, haijawahi kuguswa.

Nilisikia vibaya sana, na si kwa sababu ya ile 600. Ndani ya filta kuna kaulimi ka raba kanakozuia oili isirudi chini gari ikizimwa, na kakizeeka kanakauka, sasa usiku oili inashuka na asubuhi ukiwasha, vyuma vinasuguana bila oili ya kutosha mpaka filta ijae tena. Hiyo ndio tik tik nilikuwa nasikia. Halafu karatasi ya ndani ikiziba kabisa kuna vavu inajifungua ili injini isikose oili, lakini oili inayopita hapo haichujwi, ni uchafu unazunguka tu. Mara tatu nimelipa oili mpya imwagwe juu ya hiyo hali.

Basi jioni hiyo akanifundisha, na tangu hapo nafanya mwenyewe kwangu Kiamunyi nikipata Jumamosi kavu. Kazi yenyewe si ngumu, ukishazoea ni dakika arobaini hivi, lakini kuna mahali mawili matatu lazima uwe makini.

Kwanza usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Na usiweke mawe wala matofali, tofali linapasuka ghafla bila kukuonya. Ni stendi mbili, mahali tambarare, hendbreki juu na kitu cha kuzuia magurudumu ya nyuma, halafu usukume gari kwa mkono uone kama inacheza. Kama hapo kwako ni mteremko ama ni udongo laini, hii kazi haikufai, peleka gereji bila aibu.

Pili ni nati ya sampu, ile ya kutolea oili kwa bakuli la chini ya injini. Hii ya Fielder inafunguliwa na spana ya 14. Yangu ilikuwa imekazwa na mtu aliyetumia nguvu za kufungua gurudumu, spana ikateleza mara mbili mpaka kona za nati zikaanza kuviringa, shemeji akatafuta soketi ya pembe sita na bomba la kurefusha mkono ndio ikaachia. Nati kama hiyo siku moja inakata thredi za sampu na hapo gharama inaanza upya. Ukirudisha, weka washa mpya (ile ringi nyembamba inakaa chini ya kichwa cha nati), zungusha kwa vidole kwanza mpaka ikae, ndio umalizie na spana fupi ikaze vizuri basi, usiing'ang'anie.

Oili imwage injini ikiwa na joto kiasi, iwashe dakika tatu nne tu, juu ikiwa ya moto sana itakuunguza mkono. Inatoka nene nyeusi kwanza, halafu inakuwa uzi mwembamba, halafu matone. Ngoja yaishe, usiharakishe.

Filta sasa. Ukitoa ya zamani angalia kama ile ringi ya raba imetoka nayo, kwa sababu ikibaki imegandamana kwa injini na uweke mpya juu yake, oili itaruka yote barabarani. Paka ringi mpya oili safi kwa kidole, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mimi huandika tarehe na kilomita ubavuni mwa filta kwa maka peni. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hivyo usimimine galoni yote ya lita nne, weka 3.5, washa dakika moja, zima, ngoja kidogo, soma dipstiki ndio uongeze. Oili ikizidi pia ni shida.

Halafu ile chafu, tafadhali sana, usimwage kwa mtaro. Sisi watu wa Nakuru mvua ikinyesha maji yetu yanateremka kule ziwani, na lile ziwa halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki humo humo na ndege. Najua wengine wanapaka nguzo za ua kuzuia mchwa, mimi nimeacha. Naweka kwa jerikeni nampelekea fundi mmoja mwenye dramu, kuna watu huja kuinunua kwake.

Huyo fundi pia ndiye nampelekea gari wakati wa masika ama nikibanwa na kazi, na kama unaishi ploti isiyo na nafasi, ama gari yako ni hizi mpya zenye filta ya kuingiza ndani ya kifuniko kinachotaka soketi yake maalum, nenda gereji tu. Lakini nunua oili na filta mwenyewe, mahali wanajulikana ama kwa petroli stesheni, juu feki ziko nyingi. Angalia sili. Simama hapo boneti ikiwa wazi mpaka mwisho, usiende kunywa chai, na uombe filta ya zamani mkononi, hiyo hiyo yenye oili inadondoka, si boksi. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba. Galoni ikiisha itoboe kabla hujaitupa, mtu asije akaijaza oili ya ajabu akamuuzia mwenzako.

Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000. Njoro na kurudi kila siku, vumbi, safari fupi za mjini, halafu mara moja moja kupanda Mau Summit kwenda Kisumu gari ikiwa imejaa, naona 10,000 ni mbali mno kwa injini ya umri huu.

Ukimaliza, usiku huo tandaza kartoni chini ya injini. Asubuhi kabla hujawasha chungulia. Kama kuna tone, kagua nati kisha filta, na kama kartoni ni kavu, washa usikilize sekunde zile za kwanza.