Wadogo zangu wa fildi, PAYE haiulizi una watoto wangapi

Kila msimu wa fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), mafaili ya mishahara ya hoteli na shule za Arusha na Moshi yanaota safu mbili mpya kwenye Excel: "ndoa" na "watoto". Zifuteni. PAYE ya Tanzania Bara, yaani kodi ya mshahara anayoikata mwajiri kila mwezi, haina nafuu ya mke, mume wala mtoto. Ile 2,400 ya kila mwezi mnayoikopi ni nafuu ya Kenya, iacheni mpakani Namanga.

1. Mke na mume walioajiriwa shule moja ni watu wawili. Baba ana 800,000 baada ya NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii): 68,000 ya 760,000 za kwanza, jumlisha 25% ya 40,000 inayozidi, anakatwa 78,000. Mama ana 400,000: 270,000 za kwanza hazikatwi, kisha 8% ya 130,000 inayobaki, yaani 10,400. Jumla 88,400. Ukiwaunganisha kwenye 1,200,000 unapata 188,000, na kesho yake mama yuko mlangoni kwako na slipu mkononi. Ana haki.

2. Mpangilio wa makato. Hapa ndipo mnapotuumiza. Mshahara 1,000,000: toa kwanza NSSF 100,000, inabaki 900,000. PAYE ni 68,000 jumlisha 25% ya 140,000, yaani 103,000. Ukisahau NSSF utakata 128,000, umemwonea mtu 25,000 kila mwezi. Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halilalamikiwi. Mtu ana deni la Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Mnaitoa nayo kabla ya kodi, inabaki 750,000, PAYE inashuka hadi 66,000. Mfanyakazi anafurahi, bosi hajui. TRA (Mamlaka ya Mapato) wakija kukagua, hiyo 37,000 ya kila mwezi inadaiwa kwa mwajiri pamoja na riba, na mfanyakazi pengine alishahamia kambi ya Serengeti. Mkopo unakatwa baada ya kodi. Hapo anaondoka na 647,000.

3. Mwalimu wa mchana anayefundisha chuo jioni: madaraja haya ya 8% hadi 30% ni ya ajira ya msingi tu. Ajira ya pili ni 30% kuanzia shilingi ya kwanza. Kwenye 300,000 ni 90,000, siyo 2,400 (8% ya 30,000). Muulizeni kama ana ajira nyingine siku anaposaini mkataba.

4. Familia inaingia pale tu mwajiri anapoilipia. Matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne hayatozwi, ilimradi wafanyakazi wote wanayapata bila ubaguzi. Bima ya meneja peke yake inatozwa. Ada ya mtoto anayolipa mwajiri ni mapato ya mzazi, hata mkiiita "msaada".

5. Asilimia 30 ya daraja la juu ni ya kinachozidi 1,000,000, siyo ya mshahara mzima.

6. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) analipa mwajiri. Msizikate kwa mtu. Mwisho wa PAYE ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo msiniletee faili tarehe 6 jioni.