RNA ndogo za bakteria: anzeni na RNAIII

Nyie mnaoanza kusoma jinsi bakteria wanavyoleta ugonjwa, naona wengi mnakariri majina ya sumu tu, RNA ndogo mnaziruka eti hazitengenezi protini. Msiziruke jamani. Mimi haya mambo yalianza kuniingia nilipotulia na RNAIII, RNA ndogo ya bakteria Staphylococcus aureus, ukiielewa hiyo zingine hazikusumbui sana.

Iko hivi, bakteria wakiwa bado wachache wanatoa protini A, inazidaka antibodi kwa mkia wake zinashindwa kufanya kazi. Wakishaongezeka mfumo wa agr, ule wa kuhisi wingi wao, unawaka, RNAIII inajaa ndani ya seli, ina nyukleotidi 514 (ndizo herufi zake), inaenda kujibandika kwenye mRNA ya protini A (ile RNA inayobeba maelekezo ya kuitengeneza) palepale ribosomu, mtambo wa kutengeneza protini, inapotua, basi ribosomu inakosa nafasi na mRNA yenyewe inakatwa. Sasa RNA hiyohiyo ikikutana na mRNA ya sumu ya alfa inafanya kinyume kabisa, maana hiyo huwa imejikunja ikaficha mahali pa ribosomu, RNAIII inaishika inakunjuka na sumu inaanza kutengenezwa. Molekuli moja, huku inafunga huku inafungua! So ukisikia RNA ndogo kazi yake ni kuzima jeni, uliza kwanza imeshika wapi. (Na RNAIII yenyewe ina kipande kinachotengeneza sumu ya delta, kwa hiyo hata hilo la kutotengeneza protini lina mipaka.)

Ndo maana maabara nawaambia vijana msichukue sampuli ya muda mmoja tu, chukueni bakteria wakiwa wachache na tena wakishajaa, la sivyo mtasema RNA haipo kumbe wakati wake haujafika.

Kingine, ukifuta RNA moja usione badiliko, usikimbilie kusema haina kazi. Bakteria wa kipindupindu ana RNA ndogo nne zinazoitwa Qrr na yoyote moja inatosha kuizuia HapR, protini inayodhibiti jeni zake, sasa ukitoa moja utaona nini? Toa zote nne.

Na msiamini kompyuta ikisema RNA hii inashikana na mRNA ile. Badilisha herufi chache kwenye RNA, udhibiti upotee, halafu badilisha na upande wa mRNA zilingane tena. Udhibiti ukirudi, hapo andika kwa kujiamini kwamba zinashikana moja kwa moja.