Goti Lisibebe Mwili: Maswali ya Wanaofanya Kazi Juu ya Miti

SWALI: Habari za kazi. Napogoa migrivilea na miringaringa inayotia kivuli kahawa. Zamani nilitumia ngazi, sasa nina hanesi ya kukalia niliyoletewa na ndugu yangu aliyeko Marekani. Huko wawindaji hukaa nayo mtini wakivizia kulungu. Kiuno hakinisumbui, ila nusu saa haipiti magoti yanawaka kwa kusuguana na gome. Nimejaza kitambaa ndani ya suruali, kinateremka hadi kwenye ugoko. Nifanyeje?
– Mpogoaji, Marangu

JIBU: Kabla ya kutafuta sponji, tafuta uzito ulipo. Anayevaa hanesi hiyo huutazama mti, na kamba iliyozungushwa shinani juu yake huja kushika kamba fupi ya mbele inayounganisha nyonga zake mbili. Uzito unatakiwa ukae kwenye makalio na nyayo. Kazi ya goti ni kuzuia mwili usiyumbe, kama abiria aliyeketi kwenye daladala anavyoshika kiti cha mbele: ameshika, hajaning'inia.

Pima hivi, ukiwa nusu mita tu kutoka ardhini. Kaa, kisha yaondoe magoti kwenye gome kwa upana wa kidole. Ukiweza kutulia hivyo kwa pumzi tatu, kamba iko sawa na unachohitaji ni sponji. Ukirudi mtini puu, magoti yamebebeshwa kazi isiyo yao, na hata ukiyavisha godoro zima yatauma.

Kwa kuanzia, funga kamba ya mti usawa wa paji la uso ukiwa umesimama kwenye kibao cha kukanyagia. Ukiipandisha, unakaa zaidi na magoti yanasogea gomeni. Ukiishusha kidogo, unaegama nyuma, miguu inanyooka na nyayo zinabeba. Mwindaji anayesubiri saa nyingi bila kutikisika huupenda mkao wa kwanza. Wewe mwenye msumeno unakufaa wa pili, na tunadhani hapo ndipo ulipopotea. Umbali wako na shina unaurekebisha kwa fundo la prusiki, lile linaloteleza kwenye kamba likiwa halina uzito na kuing'ang'ania likibeba: lisogeze kwa upana wa kiganja, kaa, pima, ndipo ulisogeze tena. Nyonga zikianza kubanwa, refusha kidogo ile kamba fupi ya mbele. Lakini kamba ya mti isiwe chini ya kiuno hata siku moja, wala isilegee, maana kulegea kwake ndiko kunakogeuka kuwa urefu wa kuanguka.

Angalia na miguu. Ukisimama kwenye tawi moja, mguu mmoja huwa juu ya mwenzake na goti la juu hujikunja kupita kiasi. Kibao kiwe bapa, nyayo zikae kwa upana wa mabega, na ukiketi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti.

Sasa sponji. Kama unashinda upande mmoja wa mti, livishe shina, usilivishe goti. Chukua kipande cha godoro gumu, upana sentimita 60, kimo 30, unene 5. Sponji laini ya mto wa kochi haifai: ukiegemea inabonyea yote na mfupa unakutana na gome vilevile. Kishone ndani ya turubai. Gunia la kahawa linanyonya ukungu wa asubuhi na kufikia saa nne unaegemea tope. Funga kwa mikanda miwili ya mpira wa tyubu, mmoja juu na mmoja chini. Wengi hufunga mmoja katikati, halafu wanashangaa sponji ikizunguka kila wanapogeuka. Shina likiwa jembamba, magoti huteleza pande zote mbili. Sokomeza kitambaa kilichokunjwa nyuma ya sponji, kulia na kushoto, ili upate uso bapa wa kuegemea.

Kama kazi yako ni kuuzunguka mti, vaa vile vikinga magoti vya mafundi vigae. Chagua vyenye mikanda miwili, wa juu upite juu ya goti na wa chini upite chini yake, usipite ule mkunjo wa nyuma. Vidole viwili vipenye chini ya mkanda. Ukibana zaidi ya hapo utapata ganzi, na mguu wenye ganzi haujui ulipokanyaga. Vaa juu ya suruali, si ndani. Ndani ndiko vinakoteremka.

Kwa kuwa uko Marangu na vifaa vya wapanda mlima viko karibu: kamba ya kubebea mwili usinunue iliyotumika, hata ikiwa inang'aa. Hujui ilishikilia nini wala ilikaa juani miaka mingapi. Ya katani ni ya mbuzi. Na ukiwa na msumeno mkononi, jifunge kwa kamba mbili zilizo mahali tofauti, kwa sababu msumeno ukiteleza hauchagui cha kukata.

SWALI: Mimi ni mfugaji nyuki. Nikinyoosha mkono kufikia mzinga ulioning'inizwa pembeni, goti la kushoto linauma kwa ndani kama linapindwa. Nikiegemea tu haliumi.
– Mama Nyuki, Usa River

JIBU: Linapindwa kweli, mama. Wayo umebaki umekanyaga mbele, mwili umegeuka pembeni, na kilichobaki katikati ni goti. Nalo limeumbwa kukunja na kukunjua. Kuzunguka kwake ni kudogo sana. Geuza wayo kwanza, kitovu kifuate, mkono uwe wa mwisho. Ukiona lazima ujinyooshe mpaka kisigino kinanyanyuka, hamisha kamba ya mti upande wa mzinga badala ya kuufuata kwa mkono. Ongeza mkanda wa pili unaozunguka shina usawa wa kiuno, unatuliza mwili usibembee. Mzinga wenyewe usiubebe begani. Ushushe kwa kamba yake, na mtu awe chini kuupokea. Fanya mazoezi ya kugeuka mchana, bila nyuki, kwa sababu ukishavaa wavu usoni huoni miguu yako.

SWALI: Goti langu linalia kaa kaa nikishuka mtini. Je, ninywe dawa ya maumivu kabla ya kupanda?
– Kijana wa Sakina, Arusha

JIBU: Mlio peke yake, bila maumivu wala uvimbe, usikutishe. Dawa kabla ya kupanda hapana: itanyamazisha goti linalotaka kukuambia jambo ukiwa mita nane juu. Likivimba, likikwama lisinyooke, au likikulegea ghafla, usipande. Nenda hospitali ya Mount Meru au KCMC likaangaliwe.

Kushuka hulielemea goti kuliko kupanda, kwa hiyo weka hatua zako karibu karibu, zisizidi sentimita 30, na usiruke ile ya mwisho. Siku moja baada ya nyingine, egemea ukuta kama uliyeketi kwenye kiti kisichokuwepo kwa sekunde 30, mara tatu. Kisha panda na kushuka ngazi moja polepole mara 10 kwa kila mguu. Goti likiuma katika mkao huo wa ukutani, usishuke chini sana. Jikunje nusu tu.