Bata Donald anampigia Hitler saluti?

SWALI: Mhariri, kijana wangu wa P6 (darasa la sita) alikuwa anaangalia katuni kwa simu yangu, nikachungulia nikaona bata Donald anampigia Hitler saluti! Nifute? – Mama wa watatu, Arua

JIBU: Mama, ngoja kwanza. Hiyo ni Der Fuehrer's Face, Disney waliitoa 1943 Marekani ikiwa vitani na Ujerumani ya Hitler na Japani, na tuzo ya filamu ya Oscar ikapata. Bata anaota yuko Ujerumani, mkate mgumu mpaka anaukata na msumeno, kazini anafunga vichwa vya makombora, na kila picha ya Hitler ikipita lazima asaluti, halafu anaamka kumbe yuko kwao Marekani. Kwa hiyo inamcheka Hitler, haimsifu.

Mimi kinachonikera ni ile sura ya Mjapani humo kwenye katuni, meno nje kama si mtu. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imewafungia kambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi raia wake kabisa, na serikali imekuja kuomba msamaha 1988! Kaa na kijana, simamisha hapo, muulize nani alichora na alitaka watu wamchukie nani. Mwambie pia vijana wa Uganda walipelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani haohao.