Sukari Kupanda Alfajiri Ilhali Msomaji Hakula Usiku

SWALI: Daktari, huu ni mwaka wa nne nikiwa na kisukari cha aina ya pili, nami natumia metformini pamoja na insulini ya usiku. Ninapokwenda kulala mashine ya kupimia sukari husoma 6.8 (mmol/L), na sili chochote hadi kunapambazuka, lakini nikiamka naikuta 9.5. Mume wangu ameanza kudhani kwamba nakula kwa siri. Je, niongeze insulini?

JIBU: Pole sana, dada. Usiiongeze kwanza, wala usijilaumu, kwa maana sukari haitoki kwenye chakula peke yake: ini huhifadhi glukosi, yaani sukari, na kuiachia kwenye damu tunapolala. Kuanzia kama saa tisa usiku, mwili unapojiandaa kuamka, homoni za kortisoli na ya ukuaji huongezeka, zikalichochea ini kutoa sukari zaidi na kuidhoofisha insulini. Asiye na kisukari huongezewa insulini na kongosho lake wakati uleule, kwa hiyo haoni badiliko lolote. Lako hushindwa kwenda na kasi hiyo.

Hata hivyo, zipo sababu nyingine, na namna ya kuzipambanua ni kutega saa ikuamshe. Kwa siku tatu au nne, pima unapolala, saa tisa usiku na unapoamka, uandike yote. Sukari ikiwa nzuri saa tisa kisha ikapanda kuelekea asubuhi, yamkini ni homoni hizo, au insulini imeisha nguvu mapema. Ikiwa juu tangu saa hiyo, huenda dozi haitoshi. Lakini ukiikuta chini ya 3.9, dozi uliyotaka kuiongeza pengine ndiyo inayopaswa kupunguzwa. Kunywa mara moja gramu 15 za sukari iliyokorogwa kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15, na kukicha umwarifu daktari wako bila kungoja siku ya kliniki.

Jambo moja husahaulika mno: pitisha vidole taratibu mahali unapojichoma. Ukihisi kinundu kama mpira chini ya ngozi, insulini haifyonzwi vizuri hapo. Badilisha sehemu, ila upime mara nyingi zaidi, kwa sababu kwenye ngozi isiyo na kinundu dozi ileile yaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Mweleze daktari pia kama unatumia dawa ya prednisoloni au una tatizo la tezi ya shingo, kwani yote mawili yaweza kupandisha sukari. Mumeo naye aamke nawe saa tisa walau usiku mmoja, aione namba kwa macho yake.