Kughairi ununuzi wa mtandaoni uliolipiwa kwa vocha: kirudi nini, na kirudi vipi?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Naishi Leicester, Uingereza. Nimenunua blenda kwa pauni 60 na birika la umeme kwa pauni 30 kwenye duka la mtandaoni. Nilitumia kuponi ya punguzo la pauni 10, vocha ya pauni 50 aliyonizawadia wifi yangu siku ya Idi, na pauni 30 zilizobaki nikalipa kwa kadi ya benki. Vitu vimefika, sijavifungua, na sivitaki tena. Duka linasema litanirudishia pauni 80 zote kwa vocha yao. Je, kughairi baada ya kununua si kuvunja ahadi? Nina haki ya kudai fedha? Na nikibakiwa na vocha, yafaa nimuuzie jirani ile ya 50 kwa pauni 45 taslimu?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Kwa ufupi, dada yetu: huna dhambi kughairi. Pauni 30 zirudi kwenye kadi yako, pauni 50 zirudi kwa vocha, na zile 10 za kuponi huna dai nazo. Jirani usimuuzie vocha kwa 45.

Tuanze na ahadi. Allah ametuamrisha tutimize mikataba (Al-Maida, aya ya 1), na uuzaji ukishatimia haulegei kwa sababu mnunuzi kabadili moyo tu. Lakini mkataba hutimizwa pamoja na masharti yake, na miongoni mwa masharti ya mkataba wako ni kwamba una siku 14 za kughairi. Hukuliandika wewe sharti hilo. Limewekwa na kanuni za nchi za mwaka 2013 kuhusu mikataba ya walaji, na muuzaji anayefungua duka la mtandaoni huko anauza hali ya kuwa analijua. Kanuni ya fiqhi inasema kilichozoeleka kwa desturi ni kama kilichoshurutishwa kwa ulimi. Kwa hiyo anayerudisha bidhaa ndani ya muda huo anatumia kipengele cha mkataba, hajavunja kitu.

Hapa msomi wa Kishafii atauliza: khiyari ya sharti (haki ya kughairi iliyoshurutishwa katika mkataba) kwetu haizidi siku 3, hizi 14 zimetoka wapi? Swali la haki. Ukomo wa siku 3 ni kauli ya Shafii na Abu Hanifa, wakitegemea hadithi ya Habban bin Munqidh aliyekuwa akipunjwa sokoni. Wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, pamoja na Mahanbali, wameruhusu muda wowote maadamu unajulikana. Ila hata ukibaki na Shafii hukwami, kwa sababu ipo njia nyingine: iqaala, yaani muuzaji na mnunuzi kuridhiana kuufuta uuzaji kwa bei ileile. Iqaala haina hesabu ya siku. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayemkubalia Muislamu iqaala, Allah atamsamehe kuteleza kwake, wameipokea Abu Daud na Ibn Majah. Duka lililotangaza litapokea bidhaa ndani ya siku 14 limekwisha kuridhia iqaala kabla hujaiomba. Kwamba mwenye duka si Muislamu hakubadilishi hukumu: Mtume mwenyewe alinunua chakula kwa mkopo kwa Yahudi akaweka rehani deraya yake.

Na iqaala hii ndiyo inayotupa jawabu la vocha. Kwa Mashafii iqaala ni kuvunja uuzaji, haihesabiwi kuwa uuzaji mpya; basi haijuzu kuongeza wala kupunguza, na kila upande urudishiwe kilekile alichotoa. Tazama ulichotoa wewe.

Kuponi ya punguzo si mali. Hakuna aliyeinunua, muuzaji alipunguza bei yake, basi. Kwa hiyo bei ya vitu vyako ilikuwa pauni 80, sio 90. Wengi hugombana na maduka kwa kudai 90, nao hawana haki. Kama duka litakupa kuponi nyingine, hiyo ni hisani yao.

Vocha ya zawadi ni jambo jingine kabisa. Wifi yako alitoa pauni 50 halisi, na duka likawa na deni la kukupa bidhaa za thamani hiyo. Ulipopokea namba ya vocha na kuitumia, zawadi ilikuwa imekabidhiwa na imekuwa yako. Wifi hawezi kuidai, wala hulazimiki kumrudishia uamuzi. Lakini ulicholipa hapa ni vocha, kwa hiyo kinachorudi ni vocha. Sheria ya nchi inasema hivyo pia: marejesho yafanywe kwa njia ileile ya malipo, ila mnunuzi akubali wazi njia nyingine. Ukidai fedha taslimu kwa zile 50 unaomba hisani, na kuomba si haramu, ila usiiite haki. Angalia tarehe tu. Kama muda wa vocha ile umeisha wakati mzigo uko njiani, kuipakia pauni 50 vocha iliyokufa si marejesho. Ni kula mali ya mtu kwa batili, na duka litoe vocha hai.

Pauni 30 za kadi zirudi kwenye kadi. Duka halina ruhusa ya kuzigeuza vocha bila ridhaa yako, si kisharia wala kisheria. Tahadhari na kile kitufe cha “nakubali salio la duka” kinachotokea unapojaza fomu ya kurudisha. Ukikibonyeza umeridhia, na anayeridhia hana dai.

Ukitaka kurudisha birika peke yake, hesabu inabadilika. Katika kauli yenye nguvu kwa Mashafii, aliyenunua vitu viwili kwa mkataba mmoja harudishi kimoja chenye aibu (kasoro) akabaki na kingine ila muuzaji akiridhia. Na maduka haya kwa kawaida huridhia. Bei igawanywe kwa thamani: birika ni thuluthi ya 90, hivyo sehemu yake katika 80 ni pauni 26.67, sio 30. Kama masharti ya duka hayakusema lolote, mgao wa uadilifu ni kwa uwiano wa malipo yako, yaani pauni 16.67 kwa vocha na 10 kwa kadi. Ila kama kuponi ilitolewa kwa sharti lililoandikwa kwamba manunuzi yafike, tuseme, pauni 80, kurudisha birika kumelivunja sharti hilo. Blenda itahesabiwa 60 kamili, nawe utarudishiwa 20. Usione umedhulumiwa.

Kwa utekelezaji: siku 14 zinahesabiwa kuanzia kesho yake ya kupokea mzigo. Liandikie duka kwa barua pepe, usipige simu tu, useme waziwazi kwamba unaufuta ununuzi, utaje namba ya oda na mgao wa malipo. Huhitaji kutoa sababu, basi usitunge. Ukishawaarifu una siku 14 nyingine za kupeleka mzigo. Chukua risiti ya posta yenye namba ya kufuatilia. Nao wana siku 14 za kurudisha malipo tangu wapokee mzigo, au tangu uwape ushahidi kwamba umeutuma. Gharama ya kawaida ya kukufikishia wanairudisha, isipokuwa ile ziada uliyoongeza ili mzigo uje haraka. Nauli ya kuurudisha ni juu yako, ila kama hawakukuarifu hivyo mwanzoni au wamejitolea kuibeba. Wakikataa, peleka shauri kwa Citizens Advice, shirika la huko linalotoa ushauri kwa wananchi, na kwa sehemu ya kadi zungumza na benki yako.

Kuna vitu haki hii haivifikii: vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako, vinavyoharibika upesi, vilivyofungwa kwa ajili ya usafi vikishafunguliwa, tiketi za tarehe maalumu. Na kama bidhaa ina aibu, usitumie mlango huu. Pita mlango wa khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro, ulio mpana zaidi: sheria ya huko ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu, na nauli haiwi juu yako. Katika fiqhi ya Kishafii aibu hurudishwa mara tu inapogunduliwa, basi usikae nayo ukiitumia huku ukijua.

Kufungua boksi na kuangalia kama ambavyo ungeangalia dukani hakudhuru. Kusaga nazi wiki nzima kisha kuifuta blenda na kuirudisha kama mpya ni ghushi, na hadithi ya Muslim inajulikana: anayetughushi si katika sisi. Vivyo hivyo gauni la harusi linalovaliwa na lebo imefichwa ndani, mtindo ambao kwa masikitiko umeenea. Ukiwa umeitumia, sema. Duka litakata kiasi cha thamani iliyopungua, na kukata huko ni halali yao. Na wakikosea wakakuwekea pauni 80 zote kwenye kadi, waarifu.

Limebaki suala la jirani. Vocha ya pauni 50 ni deni lililo juu ya duka, na kumuuzia mtu deni la 50 kwa fedha 45 ni kubadilisha fedha kwa fedha pungufu na kwa kuchelewa, nako ni kuuendea mlango wa riba. Wapo wanavyuoni wanaoiona vocha kuwa ni bidhaa, sio fedha. Hata hivyo wanakutana na katazo la kuuza usichokipokea mkononi. Njia safi ni hii: muulize jirani anahitaji nini dukani, inunue kwa vocha yako, ikufikie mkononi, kisha muuzie kwa bei mtakayopatana, hata kama ni 45. Kabla haijafika usifunge naye bei wala usipokee fedha yake. Akisema tu kwamba ataichukua, hilo halimfungi yeye wala wewe.

Wallahu aalam.